Kuota jua Eldoret, na neno lililofia ndani ya kamusi

Kuna mwalimu mmoja wa Kiswahili, katika shule ya sekondari iliyo pembezoni mwa mji wa Eldoret, aliyeniletea swali ambalo mwezi mzima huu halijaniacha. Aliwapa wanafunzi wake zoezi la tafsiri, na ndani ya zoezi hilo mlikuwamo neno la Kiingereza ambalo hata Waingereza wengi hawalijui: "apricity". Maana yake aliwaandikia ubaoni, kwamba ni ule ujoto wa jua unaomfikia mtu wakati wa baridi. Kazi yao ilikuwa kutafuta Kiswahili chake. Wengi wakaandika "kipupwe". Mmoja akaandika "joto la winta". Na kijana mmoja, ambaye wazee wake ni watu wa Mombasa ila yeye amezaliwa na kukulia huku huku Uasin Gishu, akajibu hivi: kuota jua asubuhi kukiwa na baridi. Mwalimu akampa sufuri, kwa hoja kwamba aliulizwa neno moja naye akaleta sita.

"Mzee," akaniambia, "sufuri nimempa, lakini kila nikiitazama karatasi ile naona kama kijana ndiye aliyejibu. Wewe wasemaje?"

Nilimwomba muhula. Swali kama hili halijibiwi kwa kusimama njiani, kwani neno la watu lina kwao, na jua la Eldoret nalo lina mambo yake.

Tuanze na hilo la Kiingereza. Mwaka 1623, mwaka ule ule ambao tamthilia za Shakespeare zilikusanywa zikapigwa chapa pamoja kwa mara ya kwanza, naye mwenyewe amekwisha kufa miaka saba nyuma, alitokea bwana mmoja aitwaye Henry Cockeram akatoa kitabu kidogo cha kueleza maneno magumu ya Kiingereza. Ndicho kitabu cha kwanza cha kufasiri Kiingereza kwa Kiingereza kilichojiita kamusi katika jina lake. Siku zile waungwana wa Uingereza walikuwa na homa ya Kilatini. Mtu akitaka kuonekana msomi hutwaa neno la Kilatini, akalikata mkia, akalivisha mkia wa Kiingereza, kisha akalitia katika barua ili ajirani zake washangae. Cockeram aliwahudumia watu hao. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilifasiri maneno mazito kwa maneno mepesi. Sehemu ya pili ilikwenda kinyume: mwenye neno la kawaida la mtaani alitafutiwa la fahari la kulibadilisha nalo! "Apricity" ni miongoni mwa maneno aliyoyaingiza, akalieleza kuwa ni ujoto wa jua wakati wa baridi.

Kitabu kilipendwa, kikarudiwa chapa hadi mwaka 1670. Neno halikupendwa. Wenye kamusi waliazimana, huyu akinakili kwa yule, lakini huwezi kusema kwamba wakulima, mabaharia na akina mama wa Uingereza walipata kulitumia. Wao wakitoka nje asubuhi ya Januari, wakikuta jua limechomoza, husema tu kwamba leo jua ni zuri. Karne zikapita, wataalamu wakaliandika katika orodha ya marehemu. Katika miaka ya karibuni limefufuliwa kidogo na wapenzi wa maneno ya ajabu, ambao hupelekeana maneno kama hayo katika simu zao, na nadhani ndivyo lilivyomfikia mwalimu wetu.

Kilatini chake kina uhai zaidi. "Apricus" ni mahali palipo wazi kwa jua, au mtu apendaye kukaa juani. "Apricari" ni kuota jua. Mshairi wa Kirumi Persius amewataja wazee waotao jua kwa neno hilo hilo, na hapana Mswahili asiyewajua wazee hao. Kisha neno likaingia katika Kihispania na Kireno, likawa "abrigo". Kwa Wareno ni mahali pa kujihifadhi. Kwa Wahispania ni hifadhi, na pia ni koti, lile koti zito la kuvaliwa wakati wa baridi. Tazama safari hiyo: neno limeondoka angani kwenye jua likaishia mabegani mwa mtu. Wareno walikaa Mombasa, ngome yao wakaianza mwaka 1593, na hadi walipong'olewa mwaka 1698 tulikuwa tumekwisha chukua kwao meza, leso, bendera na gereza. Abrigo hatukulichukua. Koti la baridi tungelivaa wapi, Kibokoni?

Na kwa kuwa tumo njiani, msomaji asije akadanganywa na tunda liitwalo "apricot". Mwaka 1617 John Minsheu alidai kwamba jina la tunda hilo latokana na kuivia juani, kwa Kilatini hicho hicho. Kumbe limetoka kwa Waarabu, ni al-barquq, likapitia Ureno na Uhispania hadi Uingereza, ingawa Waarabu nao walikuwa wamelipata kwa Wagiriki. Maneno husafiri kuliko mabaharia.

Waarabu je? Nchi yao twaidhania ni ya joto tupu, lakini jangwa likipoa usiku hupoa kweli, na milima ya Sham ina baridi ya kukata mifupa. Shitaa, yaani majira ya baridi, yametajwa mara moja tu ndani ya Qurani Tukufu, katika Surat Quraysh ambayo kila mtoto wa chuo anaijua kwa moyo. Wafasiri wametueleza kwamba Makureshi walikuwa wakisafiri kwenda Yemen wakati wa baridi, kuliko na joto, na kwenda Sham wakati wa joto, kuliko na ubaridi. Zamhariri nayo, ile baridi iliyopita kiasi, imetajwa mara moja, katika Surat al-Insan, pale inapoelezwa kwamba watu wa Peponi hawataona humo ukali wa jua wala wa baridi hiyo.

Lakini lililo karibu zaidi na swali letu halimo katika sura, limo katika kamusi. Ibn Mandhur, ndani ya Lisanul Arab, analo neno mashraqa: ni mahali pa mtu kukaa kuota jua, naye anaongeza kwamba wako waliolihusisha neno hilo na wakati wa baridi hasa. Mzizi wake ni ule ule wa mashariki, jua linakochomoza. Na kukaa hapo mahali ni kutashariki, kama ningeruhusiwa kulitohoa. Msomaji ataguna aseme, mbona masikio yangu yalijua neno hili? Ndiyo, yalijua. Siku tatu zinazofuata Idi ya kuchinja, tarehe 11, 12 na 13 za Mfunguo Tatu, ndizo ayamu tashriki, na moja katika sababu walizozitaja maulamaa za jina hilo ni kwamba nyama ya dhabihu ilikuwa ikianikwa juani siku hizo. Basi kila mwaka twalitaja jua misikitini mwetu bila ya wengi wetu kujua kwamba twalitaja.

Sasa Eldoret. Jamaa zetu wa Pwani ambao hawajafika huku husikia kwamba mji uko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, wakadhani ni tanuri. Wasidanganyike. Mji uko yapata mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kadiri mtu apandavyo, takriban digrii sita na nusu kwa kila mita 1,000. Ukipiga hesabu hiyo utaona kwamba Eldoret imeizidi Mombasa kwa ubaridi wa digrii 13 hivi. Usiku wa Julai kipimajoto huteremka hadi 10 au chini yake.

Makaburu walifika uwanda huu mwaka 1908 kutoka Afrika Kusini, na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Mji ulipoanza haukuwa na jina, uliitwa kwa namba 64 ya shamba palipofunguliwa posta, na wenyeji wakaitamka namba hiyo ya Kiingereza kwa ndimi zao ikawa Sisibo, jina ambalo wazee wangali wanalo. Eldoret ni jina la mwaka 1912. Reli ilipowasili mwaka 1924, abiria wa kutoka Pwani alikuwa hana budi kwanza kupita Timboroa, stesheni iliyo karibu mita 2,740 juu, ndipo ateremke hadi Eldoret. Aliyepanda gari Mombasa na kikoi na fulana alijua amefika wapi kabla hajaulizwa tikiti. Wala si bure kwamba hapa ndipo palipokuwa na kiwanda cha Raymond, kilichofuma mablanketi ya sufu. Kiwanda kilikwisha fungwa, mablanketi yangali majumbani.

Anayetaka kuijua hasa baridi ya huku na aamke alfajiri afungue bomba la kutawadhia. Imepokewa na Muslim hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba kuutimiza udhu pamoja na mashaka yake ni katika mambo yanayofuta makosa. Vyuoni Pwani tuliisoma hadithi ile kama mtu asomaye habari za nchi ya mbali. Huku ni ya kila siku, na vidole ndivyo mashahidi.

Na wenzangu waliosoma Abu Shujaa watakumbuka mlango wa maji, mwanzo kabisa wa kitabu, pale panapogawanywa maji mafungu manne. Fungu la pili ni maji yaliyo safi na yenye kusafisha ila kutumika kwake ni makuruhu: maji yaliyopashwa moto na jua. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Kishafii wameitia sheria hiyo masharti, kwamba nchi iwe ya joto, na chombo kiwe cha madini yenye kufulika kama shaba au chuma. Na Imamu Nawawi aliona kwamba hata karaha yenyewe haina dalili ya nguvu. Mzee mmoja jirani yangu hapa, mtu wa Malindi aliyehamia zamani, huanika madumu yake mawili ya maji uani tangu asubuhi, ikifika adhuhuri maji yamekuwa vuguvugu, naye atawadhe kwa raha zake. Siku moja nilimkumbusha mlango wa maji kwa mzaha.

"Ustadhi," akanijibu, "dumu ni la plastiki, na nchi ni Eldoret. Masharti yote mawili yameanguka."

Sikuwa na la kuongeza.

Jua la huku halina mfano wake Pwani. Hewa ya juu ni nyepesi, haikai na joto. Kivulini unatetemeka, piga hatua mbili uingie juani, mgongo unapata moto kama uliowekewa pasi. Tena mvua za huku huendelea mpaka Septemba, na aghalabu hunyesha alasiri, hivyo jua hupatikana asubuhi, baina ya saa mbili na saa tano, likibahatika kutokeza. Tembea mjini wakati huo. Mafundi wametoa vyarahani vyao verandani. Akina mama wauza mboga wamekaa wameipa mashariki migongo yao, wateja wasubiri. Waliosali alfajiri wasirudi kulala wamejipanga kwenye ukuta wa msikiti, upande ule ambao jua huanza kuugusa, kofia za sufu juu ya kofia za kiua, na hakuna asemaye neno. Ndiyo mashraqa ya Ibn Mandhur ile, imehamia Uasin Gishu. Asubuhi moja nilikaa nao, ubeti huu ukaja:

Jua nalolisifia, si lile la kwetu Pwani,
Ambalo twalikimbia, tukajifungia ndani,
Hili watu huvizia, wamejipanga njiani,
Likishuka mabegani, mzizimo huishia.

Turudi kwa wale walioandika "kipupwe". Jibu hilo limeenea, na mwalimu mwenyewe alikuwa na haja ya kulipa alama kamili. Nilimwomba asifanye haraka. Kipupwe ni mwana wa kusi. Upepo wa kusi uanzapo huja na masika, na masika yakikatika, tangu Juni hadi Agosti, upepo ungali wa kusi na bahari imechafuka, hapo ndipo penye kipupwe. Mtu wa Lamu huongeza shuka la pili, huoga maji ya moto kwa siku chache, na kipimajoto wala hakishuki sana chini ya 20. Winta ya Uingereza ni mambo mengine kabisa. Huko jua lenyewe limekimbia, limekaa chini mno kusini, na London mwezi wa Desemba halimalizi saa nane angani kwa siku. Kwa Makaburu wa Afrika Kusini, winta ni Julai, maana wao wako upande wa pili wa dunia. Eldoret haina lolote katika hayo. Mchana wake ni wa saa 12 mwaka mzima, jua hupita karibu na utosi, na baridi yake imetokana na urefu wa mahali. Julai huzidi kwa sababu ya mawingu na mvua.

Kwa hivyo mwenye kuiita winta kipupwe amemfanya msomaji wa Lamu adhani kwamba huko London watu huongeza shuka moja wakangoja pepo zibadilike. Na mwenye kukiita kipupwe winta atamfanya mtoto wa Eldoret angojee theluji. Kwa winta ya watu, "majira ya baridi" yatosha. Kipupwe kiachiwe wenyewe.

Sasa tumtazame yule wa sufuri. Kitenzi alichokitumia, kuota, kinastahili heshima zaidi ya ile aliyopewa. Baridi tumelipata kwa Waarabu, na theluji, na jalidi pia. Barafu asili yake ni kwa Waajemi. Yaani majina mengi ya ubaridi tuliyo nayo yamekuja na wageni, kama ilivyotazamiwa kwa watu wa ufuoni. Lakini kuota, yaani kujipasha moto motoni au juani, ni letu tangu asili, na wala si la Waswahili peke yetu. Mganda aketipo karibu na moto husema anaota omuliro, na akitoka juani anaota omusana. Mkikuyu analo kitenzi hiki, na Mzulu kule kusini analo. Neno lililoenea tangu Uganda hadi Uzulu, bila ya kamusi na bila ya kamati, lina miguu ya kweli.

Na sisi tumelipendelea likawa na mizigo mitatu. Aliyelala huota ndoto, mbegu huota ardhini, mwenye baridi huota jua. Wataalamu wa mizizi watasema haya ni maneno mbalimbali yaliyogongana sauti. Wana haki yao. Mshairi naye ana haki yake ya kuyaacha yaendelee kugongana.

Mwalimu alishika hoja kwamba aliomba nomino akaletewa kitenzi. Hapo nilimpinga, kwa sarufi anayoifundisha mwenyewe. Kuota, kama kusoma na kuimba, ni nomino ya ngeli ya KU: kuota jua kwake, kuota kwetu kuzuri. Kijana aliileta nomino hiyo, kisha akaipa wakati wake na hali yake, kwa sababu zote mbili zimo ndani ya maana aliyoandikiwa ubaoni. Ni kweli kwamba neno la Cockeram lataja ujoto wenyewe, na kuota ni kazi ya mtu anayeupokea. Tofauti hiyo ipo na si ndogo. Kwa tofauti hiyo ningemkata alama mbili juu ya kumi. Hukumu hiyo nimempelekea mwalimu kwa maandishi, na daftari la alama liko mikononi mwake.

Yeye alikuwa na shauri jingine, kwamba tubuni neno jipya, moja, fupi, tulipeleke kwa wenye kamusi. Akanisomea matatu aliyoyaunganisha mwenyewe. Kwa heshima yake sitayaandika hapa. Sikatai kubuni. Lugha isiyobuni haiendi sokoni. Lakini tumeona yaliyotokea kwa kompyuta: wakabuniwa ngamizi na tarakilishi, wakaingizwa vitabuni na mitihanini, na mtu akiharibikiwa na chombo chake bado husema kompyuta imekufa. Rununu lipo, na watu wanapigiana simu za mkononi. Runinga limebahatika zaidi, hapa Kenya utalisikia hata kwa watoto. Neno hupata watu pale watu wanapokuwa na haja nalo, na haja ya kuota jua tayari ina neno lake. Tukilibunia jingine la fahari tutakuwa tumefungua sehemu ya pili ya kitabu cha Cockeram.

Mimi hofu yangu iko kwingine. Nilimwomba mwalimu anikutanishe na kijana yule, akaja na shikamoo na kitabu cha hesabu kwapani. Kuota jua alilipata kwa bibi yake. Kipupwe alilijua kwa kulisoma, akidhani ni upepo wenyewe. Nilipomtajia demani alinyamaza. Mchoo alidhani namtania. Maleleji hakupata kulisikia.

Simlaumu. Nilifika Mombasa baada ya hapo nikawauliza vijana wa huko maneno yale yale, waliozaliwa hatua chache kutoka bandarini, na majibu hayakupishana sana na yake. Demani ni ule wakati mzuri unaofuata kipupwe, kusi imelegea, bahari imetulia, Septemba na Oktoba. Mchoo ni zile mvua za rasharasha zinazotujia katikati ya mwaka, masika yamekwisha na vuli ingali mbali. Maleleji ni siku za pepo kubadilishana, kusi haijaondoka sawasawa na kaskazi haijashika. Kila neno hapo lilikuwa na kazi yake. Majahazi ya Oman na ya Ghuba yalikuja na kaskazi, tangu Desemba, yakarudi na kusi; nahodha aliyechanganya demani na maleleji alilala njaa au alilala chini ya maji. Majahazi hayo ya biashara yalipopungua, maneno yalibaki bila ya ajira.

Hesabu yake pia inakwenda. Wazee walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, kwa siku kumi kumi, kila kumi ikaitwa mwongo, miongo 36 na siku chache za ziada mwishoni. Mkulima aliyeulizwa apanda lini alitaja mwongo, na mvuvi vilevile. Mwaka huo huanza katikati ya kipupwe, na watu wa Makunduchi kule Unguja hadi leo huupokea kwa sherehe za Mwaka Kogwa kila Julai. Wageni huja na kamera zao kutazama watu wakipigana kwa migomba. Miongo inayofuata baada ya siku hiyo haina watazamaji. Watangazaji wa habari za hewa wana "msimu wa baridi" na "msimu wa mvua", na kwa msikilizaji wa bara hayo yanatosha. Kwa msikilizaji wa Faza hayatoshi, maana msimu wa mvua upi, wa masika, wa mchoo au wa vuli?

Nilimwachia kijana karatasi yenye majira yote ya Pwani na miezi yake, akaniuliza kama ya Eldoret nayo yana majina. Ni swali la haki. Wenyeji wa uwanda huu wanayo yao kwa lugha yao, na ni juu yake kuyauliza. Sisi Waswahili wa huku, ambao babu zetu walipanda na reli, sijasikia tukiwa na jina la Kiswahili hata moja kwa asubuhi hizi za jua na alasiri za mvua ya mawe.

Limebaki moja ambalo peke yangu sikuliweza, nalo nawaachia wasomaji wa Lamu, Pate, Siyu, Vanga, Wete na Mkokotoni. Waarabu wanayo mashraqa. Je, kwetu, mahali hasa pa kukaa kuota jua asubuhi pana jina? Sitaki baraza, kwani baraza aghalabu hujengwa kwa kivuli. Wala sitaki uanikaji, hapo ni pa samaki na nazi. Mwenye nalo na aniandikie, ataje na kijiji alikolisikia, ni mwanamume au mwanamke aliyelisema, na kama ni la jua la asubuhi tu au hata lile la jioni, kabla ya kuingia magharibi.